Nyumba ya baba, Lavington: miaka miwili ya kuikarabati badala ya kuibomoa (uzi mrefu)

Bintimkubwa – #1

Wadau, hamjambo. Nimesoma nyuzi za ujenzi humu ndani kwa miaka mingi, na karibu zote huanzia kwenye kiwanja kitupu: umenunua ploti, umechorewa ramani, umeita mafundi. Sisi wenye nyumba kuukuu hatuna pa kusoma. Basi leo naandika kuhusu nyumba ya baba yangu, Lavington hapa Nairobi, upande wa Muthangari, ambayo tulimaliza kuikarabati mwaka 2024 baada ya miaka miwili kasoro mwezi. Ni mrefu, nitauandika kwa vipande, na maswali nitayajibu kadiri yanavyokuja.

Nyumba haina ghorofa. Ina vyumba vitatu vya kulala, imesimama peke yake katikati ya nusu ekari, na ilijengwa 1954. Kuta ni za mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, alama za patasi bado unazihisi ukipitisha kiganja. Paa ni la vigae vyekundu vya udongo. Kuna dohani moja, na baraza refu linalotazama kaskazini. Barabara yetu ni ya mijakaranda tu, na Oktoba ikifika lami yote inageuka zambarau. Saa nne asubuhi ukisimama getini unasikia njiwa, jirani anayefagia majani, na kwa mbali honi za matatu za 46 zikielekea Kawangware.

Upande huu wa mji ulikuwa kahawa. Mapadri Wafaransa walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899 na kupanda kahawa kwenye huu udongo mwekundu. Baadaye mji ukagawanywa kwa rangi ya ngozi: Wazungu huku magharibi kwenye miinuko na baridi, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Eastlands. Nyumba yetu ilijengewa familia ya Kizungu, na huko nyuma ya ua kukawekwa kijumba cha mtumishi ambacho mtu mrefu akilala miguu inagusa ukuta. Baba yangu alikulia Kaloleni. Aliinunua hii nyumba 1976 kwa mkopo alioulipa hadi nilipoingia sekondari. Kwa hiyo watu wanaponiambia ni mawe tu na vigae, nawaelewa, lakini mimi najua kila jiwe lilikatwa kwenye mshahara wa nani.

Baba alifariki 2016. Kufikia 2021 paa lilikuwa linavuja sehemu sita, bomba zinatoa maji ya rangi ya chai, na ukuta wa chumba cha mama una ufa unaoingiza sarafu ya shilingi ishirini. Wanunuzi walikuwa wanakuja getini kila mwezi. Wote walitaka ardhi. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuingia ndani.

Kaka yangu alitaka tuuze. Mdogo wangu hakuwa na uhakika. Mama alisema sentensi moja tu: "Mimi nitatoka hapa nikiwa nimebebwa." Tukaanza.

---

Mzalendo_Kayole – #2

Pole kwa baba, dada. Swali la kwanza ambalo wengi huruka: hati ilikuwa kwa jina la nani?

---

Bintimkubwa – #3

Asante ndugu, umegusa kitu ambacho nilitaka kukianzia.

Hati ilikuwa kwa jina la baba. Hatukuwa tumefanya mirathi, miaka mitano nzima. Nawasihi mlio katika hali hiyo, msinunue hata mfuko mmoja wa simiti kabla ya kwenda mahakamani. Unaomba barua za usimamizi wa mali, zinatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na ukishapewa unangoja miezi sita ndipo uombe zithibitishwe na mgao uandikwe. Bila uthibitisho huo huwezi kuhamisha jina. Na jina lisipohama, siku ndugu mmoja akibadilisha mawazo, pesa uliyoizamisha kwenye paa inakuwa kesi.

Pili ni muda wa ardhi wenyewe. Nyumba nyingi za mitaa hii ziko kwenye ardhi ya kukodishwa kwa miaka 99. Yetu ilianza 1953, kwa hiyo inaisha 2052. Tulifanya utafutaji rasmi wa hati, tukakuta pia deni la kodi ambalo hakuna aliyelijua. Kuna kodi mbili, msizichanganye: ile ya kaunti, na ile ya ardhi inayolipwa serikali kuu na wenye ardhi ya kukodishwa. Baba alikuwa akilipa ya kaunti kila mwaka na risiti zote alizifunga kwa raba ndani ya kopo la biskuti. Ya serikali ilisimama alipougua.

Mirathi ilimaliza mwaka. Nilikasirika wakati ule. Sasa naona ule mwaka ulituokoa, kwa sababu tuliishi na nyumba huku tukiiangalia, mvua mbili na kiangazi, badala ya kuivamia.

---

FundiBati – #4

Mimi ni fundi wa paa, nimefanya vigae vya udongo Kileleshwa na Loresho. Kila mteja huniambia "toa hivi vigae weka mabati ya rangi, ni vizito na ni vya zamani." Nyinyi mliamuaje?

---

Bintimkubwa – #5

Fundi, karibu sana. Hapa nitakaa kidogo, maana paa ndilo lililokula pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote, na ndilo nililojifunza zaidi.

Mkandarasi wa kwanza tuliyemwita alipanda ngazi, akatazama dakika tano, akashuka na kusema paa lote limeoza, litolewe. Tulimpa malipo ya awali. Wiki ya pili vijana wake walikuwa wanavirusha vigae chini vinapasukia kwenye maua ya mama. Mama alitoka na fimbo yake akasimama katikati ya bustani, wakasita. Nilipofika kutoka kazini tulikuwa tumepoteza zaidi ya vigae mia mbili ambavyo havikuwa na kasoro yoyote. Yule mkandarasi tuliachana naye, na malipo hayakurudi. Bado inaniuma.

Wa pili alikuwa mzee wa Kawangware, fundi wa miaka mingi, aliyekuja na kijana wake wa kiume. Huyu hakusema lolote siku ya kwanza. Aliingia darini na tochi akakaa humo saa nzima. Alipotoka alikuwa na kitu mkononi: kipande cha mbao ya kenchi, cheusi upande mmoja. Akakibonyeza kwa kidole gumba na kikamumunyuka kama keki iliyolowa. "Mama," akamwambia mama yangu, "vigae vyako ni vizima. Kinachovuja ni bonde."

Bonde la paa ni pale miteremko miwili inapokutana, ambapo maji yote ya pande mbili hukimbilia. Chini yake kuna bati lililokunjwa, na la kwetu lilikuwa lile lile la 1954. Lilikuwa limetoboka kwa kutu, maji yakashuka kwenye mbao miaka na miaka, kisha yakatembea juu ya dari na kudondoka chumba kingine kabisa. Ndiyo sababu tulihesabu mavujo sita wakati chanzo kikubwa kilikuwa mabonde mawili tu. Kingine kilikuwa kigae kimoja kimoja kilichopasuka kwa kukanyagwa na watu wa dishi za televisheni.

Akavishusha vigae vyote kwa mkono, kimoja kimoja, vikapangwa kwenye nyasi. Kijana wake alikuwa anakigonga kila kigae kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa usioonekana kinatoa sauti butu, kama kugonga boga. Siku tatu bustani ilikuwa inalia hivyo. Kwa nyuma vina chapa, na umbo lake ni lile linaloitwa Mangalore, mji wa India ambako misheni ya Basel ilifungua kiwanda cha vigae mwaka 1865. Umbo hilo likasambaa pwani zote za Bahari ya Hindi hadi kwetu.

Kuhusu uzito, uko sahihi. Mita moja ya mraba inabeba vigae kama 15, zaidi ya kilo 40, wakati mabati ni kilo nne au tano tu. Lakini kenchi za nyumba yetu zilijengwa kubeba uzito huo. Zilizooza zilikuwa tisa, tukaziweka mpya za mvinje uliotiwa dawa. Ukiondoa vigae ukaweka mabati kwenye kenchi zile zile lazima uzifunge upya kwenye ukuta, kwa sababu sasa upepo unaweza kuliinua paa ambalo zamani lilikaa kwa uzito wake. Na kinyume chake ni hatari zaidi: aliyejengewa kwa mabati asithubutu kupandisha vigae vya udongo bila mhandisi kuziangalia kenchi.

Vigae vya kujazia vilivyopungua tulivipata kwa wauzaji wa vitu vya nyumba zilizobomolewa. Nilipokuwa navichagua nilijua kila kimoja kimetoka kwenye nyumba kama yetu, labda mtaa wa tatu tu. Sikupenda kuwaza hilo, lakini vigae ni vizuri.

---

FundiBati – #6

Kugonga kwa kifundo! Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na marehemu mjomba. Siku hizi vijana hawana subira hiyo. Na kile kijumba cha nyuma, kilikuwa na paa gani?

---

Bintimkubwa – #7

Asbesto, fundi. Yale mabati ya kijivu yenye mawimbi mapana. Na naomba wote wasome hapa hata kama mengine mtayaruka.

Asbesto ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2006, lakini mapaa yaliyokuwapo hayakutoweka. Yako kwenye shule, kwenye nyumba za watumishi, kwenye magereji. Likiwa zima na hujaligusa, hatari ni ndogo. Hatari ni kulikata kwa msumeno, kulitoboa, kulisugua kwa brashi ya chuma au kulivunja kwa nyundo. Nyuzi zake ni ndogo kuliko jicho linavyoona, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20 au 40 baadaye. Kijana anayevunja paa lako leo kwa mshahara wa siku hatajua mpaka awe mzee.

Mkandarasi yule wa kwanza alitaka kulivunja na kuzika vipande hapo hapo bustanini, mahali mama anapopanda sukuma. Sheria inataka liondolewe na mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira: wanalilowesha maji, wanafungua skrubu bila kuvunja, wamevaa barakoa maalumu na mavazi ya kutupwa, wanalifunga kwa nailoni nzito na kulipeleka mahali palipotengwa. Tulilipa. Ilikuwa gharama isiyoonekana kwa macho na ambayo hakuna mgeni atakayeisifu. Ningeilipa tena kesho.

---

MamaTano – #8

Dada nakusoma huku machozi yakinilengalenga, nyumba ya babu yetu Woodley ilikuwa na sakafu za mbao za kung'aa, tulikuwa tunateleza na soksi. Mlikuta nini chini?

---

Bintimkubwa – #9

MamaTano, pole mpenzi, na asante kwa kuuliza, kwa maana hapa ndipo mimi mwenyewe nililia.

Sebuleni kulikuwa na zulia la plastiki lililogundishwa miaka ya themanini. Chini yake gundi nyeusi, ngumu. Kaka alisema tuweke marumaru za kung'aa tumalize, na karibu nikubali. Yule fundi mzee akakwangua pembeni karibu na meko, nafasi ya kiganja tu, akatia tone la maji. Ikatokea rangi ya asali yenye mistari ya kahawia.

Ni muhugu. Vibao vidogo vidogo vimepangwa kama mkeka. Muhugu ni mti wa misitu yetu hii hii, Karura na Ngong, mgumu mno, mchwa haumwezi, na ndio ule ule wachongaji wa Kikamba waliutumia kwa vinyago mpaka ukaadimika. Leo kuupata wa kutosha kwa sebule nzima ni shida, na sisi tulikuwa tumeufunika kwa plastiki.

Siku walipowasha mashine ya msasa nyumba nzima ilijaa harufu. Muhugu una mafuta yenye manukato, na baada ya miaka karibu 70 bado yalikuwa humo ndani ya mbao. Mama alikuwa chumbani, akaja akijishikilia ukutani. Akasimama mlangoni akasema, "Hii ndiyo harufu ya siku tuliyohamia." Baba alikuwa ameisugua sakafu hiyo kwa msasa wa mkono wiki ya kwanza, 1976, akiwa amepiga magoti, kabla fanicha hazijafika. Sikuwa nimezaliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwa wanaotaka kufanya: vibao vilivyolegea vitolewe, vikwanguliwe gundi ya zamani, virudishwe kwa gundi ya sasa. Anza na msasa mkali, maliza na laini, na usikubali mashine isimame mahali pamoja, itachimba shimo. Tulipaka mafuta na nta badala ya vanishi ya plastiki, ili ikichubuka tuitengeneze sehemu hiyo tu.

---

Wa_SouthC – #10

Mimi nina nyumba South C, na kila mwaka nyufa zinarudi. Napiga plasta Januari, Juni ziko pale pale. Ule ufa wa chumba cha mama mliumalizaje?

---

Bintimkubwa – #11

Ndugu wa South C, yako na yangu ni magonjwa mawili tofauti, ila dawa ya kwanza ni moja: usizibe ufa kabla hujajua kama bado unatembea.

Mhandisi wetu alipitisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, akakishikiza kwa plasta ncha mbili, akaandika tarehe ukutani kwa kalamu ya risasi. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Vilikuwa vitatu, juu, katikati, chini. Cha chini kilipasuka ndani ya wiki tano za mvua za masika. Vya juu vikabaki.

Hapo tukajua tatizo liko ardhini. Tulipochimba nje ya ukuta tulikuta bomba la maji taka la udongo wa kuchoma limetenganishwa na mizizi ya jakaranda. Kila tulipooga, maji yalikuwa yanamwagika chini ya msingi na kuubeba udongo taratibu. Tulibadilisha bomba lote mpaka kwenye manholi, tukaweka vioo vipya, tukangoja msimu mzima wa vuli. Havikupasuka. Ndipo ukuta ukashonwa kwa vyuma vilivyolazwa kwenye mistari ya mawe kuvuka ufa, na kufunikwa.

Wewe uko kwenye udongo mweusi. Ule hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, kila mwaka, kwa hiyo nyumba inapanda na kushuka. Plasta haitashinda hilo kamwe. Angalia kwanza maji ya paa yanamwagika wapi, je gata zako zinatoa maji mguuni mwa ukuta? Je, kuna mti mkubwa karibu unaokausha upande mmoja? Watu wengi husaidiwa na ukanda wa zege kuzunguka nyumba, wenye mteremko wa kutoa maji nje, ili unyevu chini ya msingi usibadilikebadilike. Lakini muite mhandisi aangalie kina cha msingi wako. Kama haukufika kwenye mwamba au murram ngumu, hilo ni jambo la kujua kabla ya kutumia shilingi nyingine.

---

MamaTano – #12

Na ukungu? Nyumba hizi za mawe Julai zinakuwa friji.

---

Bintimkubwa – #13

Ukungu wetu ulikuwa wa kujitakia. Nyumba ilijengwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha na chini ya kila dari. Miaka ya tisini tuliyaziba kwa magazeti na plasta kwa ajili ya baridi na mbu. Kisha mama alipandisha vitanda vya maua mwaka hadi mwaka mpaka udongo ukapita ule mstari wa kuzuia unyevu ulio chini ya ukuta, na unyevu ukaupanda ukuta kama mafuta yanavyopanda utambi. Tulishusha udongo sentimita 20 kuzunguka nyumba yote, tukafungua matundu na kuyawekea wavu. Ilikuwa kazi ya vijana wawili kwa siku nne. Hakuna dawa ya kupaka iliyohitajika, ingawa duka moja lilitaka kutuuzia madebe kumi.

Baridi ni habari ya jua. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai, wakati asubuhi zinashuka hadi nyuzi 11 au 12, jua liko kaskazini. Aliyechora nyumba yetu aliweka baraza na sebule upande huo. Jua la Julai linaingia barazani chini ya upenu, na la Desemba liko upande wa pili, halimuudhi mtu. Kabla hujavunja ukuta wa nyumba kuukuu, kaa humo mwezi wa saba na wa kumi na mbili. Sisi tulikuwa tumepanga kuliziba baraza kwa vioo liwe chumba cha televisheni. Nashukuru pesa iliisha.

Dohani ilikuwa na nyuki. Mrina asali alikuja usiku, akawahamisha wote na masega yao. Sasa tunakoka moto.

---

Mzalendo_Kayole – #14

Maji na stima hujasema. Na jumla iligharimu ngapi ukilinganisha na kujenga mpya?

---

Bintimkubwa – #15

Stima: nyaya za awali zilikuwa na ganda la mpira. Ukizikunja zilikuwa zinamung'unyuka na kuacha shaba wazi, ndani ya dari ya mbao kavu. Zote zilitolewa, na kazi ilifanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Usimpe kazi hii mtu kwa sababu tu anajua kubadilisha swichi.

Maji: bomba za chuma zilikuwa zimejifunga kwa kutu. Moja tuliikata, na tundu lililobaki lingepitisha penseli tu. Tuliweka za plastiki ngumu, PPR. Maji ya mgao huja siku chache kwa wiki, kwa hiyo tuna matangi mawili ya lita 10,000, moja likiwa la mvua. Hesabu ya mvua ni rahisi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 180 hivi, na Nairobi hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Hata ukitoa kinachopotea, ni zaidi ya lita 120,000. Tunayatumia chooni, kufulia na bustanini. Bwawa la Ndakaini, linaloletea mji maji, likipungua, sisi vyoo vinaendelea.

Jumla sitaitaja, ni pesa za familia na ndugu zangu wanasoma hapa. Naweza kusema zaidi ya nusu iliingia kwenye vitu ambavyo mgeni hawezi kuviona: paa, mabomba, nyaya, maji taka, asbesto. Jiko la mama lilifanywa mwisho kabisa, na ni la kawaida, makabati ya mbao, sinki mbili, dirisha kubwa. Nimeona nyumba kadhaa mtaani zilizoanza na jiko la kifahari na dari za jipsamu zenye taa, halafu masika moja likarudisha kila kitu chini.

Na kuhusu vibali: kupaka rangi na kurudisha vigae ni jambo moja, lakini ukigusa ukuta unaobeba paa au ukiongeza chumba, unahitaji idhini ya kaunti na mkandarasi aliyesajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi. Sisi tuliongeza bafu moja la mama, lisilo na kizingiti, lenye vishikio. Kibali kilichukua muda. Tulingoja.

---

Wa_SouthC – #16

Asante kwa jibu la udongo mweusi, nimeshampigia mhandisi. La mwisho, samahani kama ni la ndani: kaka yako anasemaje sasa?

---

Bintimkubwa – #17

Si la ndani, mwenyewe ameniruhusu.

Pande zote mbili za barabara yetu sasa kuna maghorofa. Watu wanahitaji mahali pa kuishi, na siwalaumu waliouza, kila familia ina mahesabu yake, na wengine walikuwa na wagonjwa wa kulipia. Ninachopinga ni ile imani kwamba nyumba ya miaka 70 imekwisha kwa sababu ni ya miaka 70. Mawe yetu hayakuwa na tatizo. Sakafu haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mabati mawili ya bondeni, bomba moja la maji taka, na matundu tuliyoyaziba wenyewe.

Aprili 2024, mvua ile iliyofurika mji mzima, kaka alikuwa amekuja kulala. Mimi nilikuwa macho, nasubiri sauti ya tone kwenye dari, maana miaka kumi nililala nikiisubiri hiyo sauti. Saa nane usiku nikasikia hatua sebuleni. Nilimkuta amesimama gizani pale yalipokuwa yanawekwa masufuria, ameweka kiganja ukutani. Palikuwa pakavu. Hakusema kitu. Asubuhi aliuliza kama kile kijumba cha nyuma kinaweza kupata dirisha la pili, kwa sababu angependa watoto wake waje likizo.

Dirisha hilo ndilo kazi iliyobaki. Ramani iko kaunti. Na kioo kimoja tumekiacha kwenye ukuta wa mama, tarehe imeandikwa kwa mkono wa mhandisi. Vuli ikipita nitaweka picha yake hapa.